Foleni ya visa huanzia mkekani

Akdi imesomwa, halua imeliwa, wageni wametawanyika. Bwana harusi alikuja na likizo ya wiki 3, na 2 kati ya hizo zimeishia kwenye mikutano ya wazee na mapatano na wapambaji. Siku chache baada ya harusi anapanda ndege kurudi Minneapolis, au Dallas, au Seattle. Bibi harusi anarudi chumba chake cha usichana, simu mkononi. "Amenifailia," anawaambia wenzake. Mwaka unakatika. Mawifi wanaanza kunong'ona. Jirani, ambaye hata harusini hakualikwa, ndiye anayeuliza kuliko wote.

Lawama zote huuendea ubalozi wa Marekani. Baadhi ni za haki na tutazisema. Lakini msimamo wetu leo ni kwamba anayengoja visa ya ndoa amepanga foleni mbili. Moja iko kwao Wamarekani, na sisi hatuna kauli juu yake. Ya pili iko kwetu, tumeipanga wenyewe, na Msajili wa Ndoa, makadhi, wachungaji na wazee wa mahari wanaweza kuipunguza bila kumwomba mtu yeyote Washington ruhusa.

Tuanze na ya kwao, maana huko ndiko watu hudanganywa zaidi.

Jambo la kwanza ambalo familia hazielezwi ni kwamba mume raia na mume mwenye kadi ya kijani hawako mstari mmoja. Raia anayemwombea mkewe hana mgawo wa mwaka unaomfunga. Sheria inamhesabu mke kuwa jamaa wa karibu, na visa za kundi hilo hazina kikomo. Mwenye kadi ya kijani yuko kwingine kabisa. Wake, waume na watoto wasio na ndoa wa wenye kadi kutoka dunia nzima wanagawana visa takriban 114,200 kwa mwaka, na kila mwezi wizara ya mambo ya nje ya Marekani hutoa jedwali la tarehe kuonyesha nani amefikiwa. Kati ya Julai 2019 na Machi 2023 jedwali hilo halikuwa na tarehe kwa wake na waume. Mlango ulikuwa wazi. Aprili 2023 tarehe zikarudi, na walioolewa mwezi huo wakajikuta nyuma ya watu walioomba miaka iliyotangulia.

Mume mwenye kadi akipata uraia, mkewe anahamia mstari wa raia. Watu husherehekea, na wana haki. Wanachosahau ni mtoto. Kwenye mstari wa mwenye kadi, mtoto mdogo huingia kupitia faili la mama yake. Kwenye mstari wa raia hilo halipo: kila mtoto hufunguliwa faili lake, mtoto wa kambo pia, na wa kambo ni sharti mama yake awe ameolewa kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Familia nyingine huligundua hili mama akiwa tayari na tarehe ya mahojiano na mtoto hana hata namba.

Faili lenyewe hupitia meza 3. Ya kwanza ni ya idara ya uraia na uhamiaji, inayopokea fomu ya I-130. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 675 kwa karatasi, au 625 kwa mtandao. Hapo hata faili la raia laweza kulala mwaka mzima na zaidi. Meza ya pili ni kituo cha visa cha taifa kilichoko Portsmouth, New Hampshire, ambako hulipwa dola 325 za ombi la visa na 120 za hati ya udhamini, kisha vyeti hukaguliwa kimoja kimoja. Meza ya tatu ni ubalozi wenyewe, na kwa Mkenya hiyo ni Gigiri. Ukijumlisha, mwaka mmoja na nusu si ajabu, na miaka miwili haimshtui wakili yeyote.

Mume naye ana mtihani wake wa kipato. Lazima afikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya Marekani. Kwa hesabu ya 2025, nyumba ya watu 2 ilikuwa karibu dola 26,400 kwa mwaka. Asipofika atafute mdhamini mwenza. Na mdhamini huyo ajue anachotia saini, kwa sababu talaka haimwondoi kwenye dhamana hiyo. Tumeona watu wakiitia saini kama kadi ya mchango wa harusi.

Mtu atauliza kwa nini bibi harusi asiende kumtembelea mumewe kwa visa ya utalii huku wakingoja. Ajaribu. Afisa wa dirishani anatakiwa aaminishwe kwamba mgeni atarudi kwao, na mbele yake kuna kumbukumbu kuwa mgeni huyohuyo ameombewa kuhamia. Wengi hunyimwa. Kwa hiyo anayesafiri ni mume, akipata likizo, kwa nauli ambayo ingelipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Wamarekani wenyewe walishaona ubaya wa jambo hili. Desemba 2000, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyozaa visa ya K-3, na shabaha yake ilikuwa moja: mke au mume wa raia angojee ndani ya Marekani, nyumbani kwake, badala ya kungojea ng'ambo. Wazo zuri. Lakini utaratibu ukawa kwamba ombi la I-130 likiidhinishwa kwanza, la K-3 hufungwa, na kwa kuwa maombi yote mawili huenda kwa idara ileile, la K-3 mara nyingi halifiki popote. Visa hiyo ingali kwenye vitabu. Wanaoipata ni wachache mno, na wakala wa mtaani anayekuuzia K-3 kama njia ya mkato anakuuzia kaburi.

Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliongeza chumvi kwenye kidonda. Sandra Muñoz, raia wa nchi hiyo, alikuwa ameolewa na mtu wa El Salvador aliyenyimwa visa. Alidai kwamba yeye mwenyewe, kama raia, ana haki ya msingi ya mumewe kuruhusiwa kuingia, au angalau ya kuelezwa vizuri kwa nini amekataliwa. Jaji Amy Coney Barrett, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema haki kama hiyo haimo katika katiba. Raia aweza kuoa amtakaye. Kuishi naye Marekani ni habari nyingine.

Na siasa ikiingia, hata mwaka na nusu huwa ndoto. Visa za uhamiaji za Wasomali hushughulikiwa Nairobi, kwa hiyo Eastleigh inaijua historia hii bila kusomewa. Kuanzia Desemba 2017, mahakama iliporuhusu marufuku ya Rais Donald Trump ya kuingia Marekani itumike kikamilifu, hadi Januari 20, 2021 Joe Biden alipoifuta siku yake ya kwanza ofisini, mke Msomali wa raia wa Marekani hakuwa na njia ila kuomba msamaha maalumu. Juni 2025 Trump akarudi na orodha nyingine: Somalia kwenye marufuku kamili, Burundi kwenye ya nusu. Desemba mwaka huohuo orodha ikarefushwa na Tanzania ikaingizwa. Mwenye ndoa Tanga au Bujumbura hakuwa amekosea fomu yoyote.

Hayo ndiyo ya kwao. Tunalo dai moja kwa Wamarekani, nalo ni tarehe. Anayengoja hospitalini huitwa namba. Anayengoja mume huambiwa faili "linashughulikiwa". Serikali inayotoza mamia ya dola kwa kila faili inaweza kumwambia mlipaji faili lake limelala meza gani, na siku ya mwisho ya kujibiwa ni ipi. Tumelisema, na hatutegemei kesho litimizwe.

Sasa tugeukie uani kwetu.

Tuchukue ndoa ya wakala, maana Pwani tunaipenda. Kijana yuko Ohio, hana likizo, hana nauli. Kaka yake anamwakilisha, shekhe anasoma akdi Kisauni, walii yupo, mashahidi wapo, mahari imetajwa. Kwa dini, ndoa imetimia. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, ambayo ingali inatumika, ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja ilipofungwa haihesabiwi mpaka wawe wameingiliana baada yake. Kujuana kwao kabla ya akdi hakusaidii. Akdi ya simu ni hivyohivyo, hata kama shekhe aliwaona wote wawili kwenye kioo. Kijana anatuma I-130 wiki inayofuata, analipa ada, anangoja mwaka, kisha anaulizwa: ulikanyaga Kenya lini baada ya harusi? Hajakanyaga. Ombi zima limesimama juu ya ndoa ambayo, kwao, siku lilipotumwa haikuwapo. Anaanza upya.

Nani alimwambia? Hakuna. Shekhe alisoma alichoitiwa. Na hatumlaumu shekhe kwa kutojua sheria ya Marekani, tunachosema ni kwamba swali moja kabla ya khutba, "bwana harusi yuko wapi na karatasi zinaelekea wapi?", lingeokoa mwaka na mamia ya dola.

Talaka ni shimo la pili, na ni refu zaidi. Afisa wa visa hutaka ithibati kwamba kila ndoa ya nyuma, ya mume na ya mke, ilikwisha kabla mpya haijafungwa. Kwetu talaka hutamkwa barazani, mbele ya mjomba, na mke anahesabu eda yake na maisha yanaendelea. Miaka 6 baadaye ameolewa na mtu wa Texas, na visa inatafutwa. Hapo ndipo mbio za kwenda kwa kadhi huanza. Talaka inasajiliwa leo, lakini akdi mpya ilikuwa mwaka jana, na afisa anayejua kusoma tarehe atauliza mwanamke huyu aliolewaje tena wakati ndoa ya kwanza ingali kwenye kitabu. Mwanamke hana kosa. Kitabu ndicho kilichochelewa.

Kuhusu mke wa pili tuseme waziwazi, kwa sababu huambiwi ukweli posa inapoletwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaruhusu mitala katika ndoa ya Kiislamu na ya kimila. Marekani huitambua ndoa ya kwanza tu, mradi haijavunjwa. Mke wa pili hana foleni, hata ndefu. Mzazi anayemwoza bintiye kwa mtu wa Marekani mwenye mke huko, kwa ahadi kwamba "karatasi zitafuata", anamwoza Mombasa.

Wenzetu wa bara wasicheke. Mbuzi wamepelekwa, wazee wamekunywa, wimbo umeimbwa, na watu wakaanza kuishi pamoja. Sheria hiyohiyo ya 2014 inawataka wanandoa wa kimila wamjulishe msajili ndani ya miezi 3 baada ya taratibu kukamilika, na usajili wenyewe ukaanza Agosti 2017. Ni wangapi unaowajua waliokwenda? Wengi hudhani wakikaa miaka ya kutosha sheria itawahurumia. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kuwadhania watu kuwa wanandoa kwa sababu wameishi pamoja ni jambo la nadra, si kanuni. Kama majaji wa Nairobi hawakudhanii ndoa, afisa wa Gigiri hatakudhania.

Kisha majina. Kitambulisho kinasema Fatuma, cheti cha ndoa Fatma, cheti cha kuzaliwa Fatima, kwa kuwa kila karani aliandika alivyosikia. Kwetu huyu ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua. Portsmouth wanaona watu 3. Faili linarudishwa, linatafutiwa kiapo cha wakili, linarudi mwisho wa foleni ya ukaguzi. Herufi moja inaweza kula miezi.

La mwisho ni polisi, na hapa tunawazungumzia hasa dada zetu waliotoka Ghuba. Anayeombewa lazima alete cheti cha polisi kutoka kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi baada ya kufikisha miaka 16. Cha Kenya hupatikana: unaomba kwa eCitizen, unaweka vidole, unafuatilia. Cha Riyadh au Doha, ukiwa umesharudi Likoni, mkataba umekwisha na aliyekuwa mwajiri wako hapokei simu, ni safari nyingine. Mwanamke aliyefanya kazi ya nyumbani miaka 2, akatuma pesa, akarudi salama, anajikuta amekwama kwa ajili ya karatasi ambayo angeiomba kwa wepesi zaidi kabla hajapanda ndege. Kenya ina ubalozi Riyadh, Doha na Abu Dhabi. Kumwambia kila mfanyakazi anayemaliza mkataba achukue cheti cha polisi kabla ya kuondoka hakuhitaji bajeti mpya. Kunahitaji bango ukutani na mtu wa kulisoma kwa sauti.

Katika haya yote mabroka wamejipenyeza. Kwenye kila saiba yuko kijana anayemjua "mtu wa ndani". Mtu wa ndani wa nini? Meza mbili kati ya zile 3 ziko Marekani, na kijana huyo hajawahi kuvuka Namanga. Kuna njia halali ya kuomba faili liharakishwe, kwa mfano kwa ugonjwa mkubwa. Huombwa na mhusika mwenyewe kwa vielelezo, na kuomba hakuna ada. Anayetaka elfu 40 akuharakishie anaharakisha elfu 40 zako.

Na kwa mawifi na majirani tuna neno moja. Mke aliyekaa miezi 20 bila visa hajaachwa, wala hajafanya jambo la kufichwa. Ana tofauti ndogo tu na wewe: ndoa yako haijawahi kukaguliwa na mtu asiyekujua. Yeye ya kwake imesomwa ujumbe kwa ujumbe, picha kwa picha, risiti za pesa zilizotumwa zikahesabiwa. Tangu sheria ya 1986 ya kuzuia ndoa za uongo, anayeingia kabla ndoa haijatimiza miaka 2 hupewa kadi ya masharti ya miaka 2, kisha yeye na mumewe warudi kuthibitisha tena kwamba bado ni wanandoa. Foleni ina kichekesho chake hapo: ikikawia vya kutosha, ndoa inavuka miaka 2 njiani, na mke anashuka uwanja wa ndege akiwa na haki ya kadi ya miaka 10. Tumewahi kumsikia mmoja akishukuru kwa kucheleweshwa. Mmoja tu.

Tunachotaka kutoka kwa serikali yetu ni kitu kidogo, na ndiyo maana kutotendeka kwake kunaudhi. Msajili wa Ndoa awape mashekhe na maimamu aliowaidhinisha, na wachungaji pia, fomu moja ya ukurasa mmoja isomwe kabla ya akdi au kiapo. Iulize majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, iulize ndoa za nyuma na tarehe ziliposajiliwa kuvunjika, iulize kama wote wawili wapo chumbani. Makadhi nao waweke siku moja kila wiki ya kuandikisha talaka zilizotamkwa zamani, hata za miaka 10 nyuma, bila kumzungusha mwanamke ambaye mume wa zamani hataki kuja kutia saini. Na cheti cha ndoa kitoke siku ya ndoa, kimechapwa, kikasomwa na bibi harusi mwenyewe herufi kwa herufi kabla wino haujakauka.

Mfunguo Mosi ndio msimu wa harusi huku kwetu. Ramadhani nzima ofisi zina muda wa kuchapa ukurasa mmoja.